Ng'ombe Hii au Ng'ombe Huyu? Sarufi ya Mgeni na Hukumu Zetu

Katika tamthilia na riwaya, mhusika anayesema "ng'ombe hii imelala" mara nyingi huchorwa ili tumcheke. Nasi wahakiki huandika kwamba huyo "hajui Kiswahili," basi, tukaendelea na dhamira. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa hukumu hiyo ni ya haraka mno, na kwamba historia ya isimu ilikwisha kuipita.

Mwaka 1957 Robert Lado alidai kuwa mtu anayejifunza lugha ya pili huhamishia humo mifumo ya lugha yake ya kwanza. Pale lugha hizo zinapofanana, hujifunza kwa wepesi. Zinapotofautiana, hupata taabu.

Hebu tumtazame huyo ng'ombe. Katika Kikuyu, kama katika lugha nyingi za Kibantu, ng'ombe hupatanishwa kwa ngeli yake, si kwa uhai wake. Kwa hiyo Mkikuyu asemaye "ng'ombe hii" hakukosa sarufi. Anayo, tena imara. Kiswahili ndicho kilichowapa wanyama upatanisho wa watu. Na hata chenyewe hakikumaliza kazi hiyo. Tunasema "ndugu zangu wamefika": "zangu" inafuata ngeli, "wamefika" inafuata uhai. Sentensi moja, kanuni mbili, wala hatuchekani! Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mbona huyu asiyeacha asili ndiye tunayemcheka?

Hata hivyo, maelezo ya Lado hayatoshi. Mwingereza, ambaye lugha yake haina ngeli kama zetu, naye husema "ng'ombe hii." Hilo hakulitoa kwao. Amefundishwa "nyumba hii" na "nguo hii," naye akaipanua kanuni. Kosa ni moja, mizizi ni miwili.

Hapa ndipo Pit Corder anapotufaa. Mwaka 1967 alitenganisha kuteleza ulimi na kosa lenye utaratibu, akasema hili la pili linatuonyesha mwanafunzi amefikia wapi. Mwaka 1972 Larry Selinker akaipa jina sarufi hiyo ya safarini. Mimi nitaiita lugha ya kati: si ya kwao, si ya wenyeji, lakini ina kanuni zake, na lugha ya kwanza ni chanzo kimojawapo tu.

Msomaji ataniuliza: je, usanifu tuutupe? La hasha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia lugha ya vitabu vya shule. Shule zilihitaji kipimo kimoja, na katika mtihani hata mimi nitaandika "ng'ombe huyu amelala." Ila kipimo cha maandishi si mizani ya akili ya mtu.

Kwa hiyo mhakiki anapokutana na mhusika wa namna hii, aulize: makosa yake yana utaratibu? Yanatoka katika lugha gani? Mwandishi makini humpa Mkikuyu makosa ya Mkikuyu na Mwingereza makosa ya Mwingereza, hata pale yanapogongana. Mwandishi mvivu huwagawia wageni wote kapu moja la makosa, eti wachekeshe. Huyo wa pili ndiye anayestahili kalamu yetu nyekundu, si mhusika wake.