Mara Tatu kwa Kiti Kimoja

Swali lilikuja kwa simu. Mwandishi wa redio alitaka kujua kama Julian Bond, mbunge mteule wa jimbo la Georgia, anaunga mkono taarifa iliyotolewa siku hiyo, tarehe 6 Januari 1966, na SNCC, kamati ya wanafunzi waliokuwa wakipigania haki za Waamerika weusi. Taarifa ilipinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana wasiotaka kuandikishwa jeshini kwa lazima. Bond alikuwa msemaji wa SNCC, ila taarifa yenyewe hakuiandika yeye. Angeweza kusema "nitakupigia baadaye." Alijibu kwamba anaiunga mkono yote.

Mimi ni mwandishi wa habari, na hilo "nitakupigia baadaye" nimelisikia mara nyingi kuliko salamu. Mwaka mmoja mwakilishi wadi fulani aliniongelesha dakika kumi nzima kuhusu zahanati isiyokwisha kujengwa. Alikuwa moto kweli. Kabla ya kukata simu akasema, "Lakini jina langu usiliweke, ndugu yangu. Watanitoa kwenye kamati." Sikuliweka. Zahanati nayo iliendelea kuwa msingi na nyasi. Tangu siku hiyo, kila nikisoma habari za Bond naanzia kwenye ile simu.

Taarifa haikutoka hewani. Siku tatu kabla yake, huko Tuskegee, Alabama, Sammy Younge, mwanafunzi aliyekuwa ametumikia jeshi la wanamaji, alipigwa risasi kwenye kituo cha petroli kwa kutaka kutumia choo cha wazungu. Wenzake wakauliza: huyu alivalia sare nchi gani?

Tarehe 10 Januari wabunge wa Georgia waliitwa kula kiapo mjini Atlanta. Bond akaambiwa akae kando. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize miaka 26. Alikuwa mmoja wa weusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Wawakilishi la jimbo hilo kwa zaidi ya nusu karne. Ikaundwa kamati, kanda ya mahojiano yake ikachezwa, na usiku huohuo kura zikapigwa: 184 wasimkubali, 12 wamkubali. Umri wake ulitosha, makazi yake yalikuwa halali, ushindi wake hakuna aliyeupinga. Walisema tu kwamba mtu wa maneno kama yale hawezi kuapa kwa dhati kuilinda katiba, ingawa mwenyewe alikuwa tayari kuapa.

Georgia ilikuwa imeshafanya hivyo. Mwaka 1868, watumwa wakiwa wameachiwa juzijuzi, bunge hilohilo liliwatimua wajumbe weusi kwa sababu ya rangi yao tu, miongoni mwao Henry McNeal Turner, aliyewasomea wenzake hotuba kali kabla ya kutoka. Mwaka 1966 hakuna aliyethubutu kuitaja rangi waziwazi, basi ikatajwa Vietnam.

Kiti kikatangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa Februari, na Bond akapita bila mpinzani. Bunge likamkataa tena. Novemba akagombea tena, akashinda tena. Hapo ndipo huwa nasimama kidogo. Tunamsifu Bond kwa ujasiri, sawa, lakini wapiga kura wake je? Walikaa mwaka mzima bila mwakilishi, na kila walipoulizwa walirudisha jina lilelile. Mmoja wa wakazi wa eneo lake alikuwa Martin Luther King, aliyejiunga naye katika kesi na kuongoza maandamano hadi jengo la bunge.

Majaji wa shirikisho huko Georgia walimshinda Bond, wawili kwa mmoja. Akakata rufaa. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa sauti moja, jaji mkuu Earl Warren ndiye akiandika, kwamba mbunge hawezi kubanwa mdomo kuliko raia wa kawaida. Kazi yake hasa ni kusema juu ya mambo yanayobishaniwa.

Sisi Wakenya tunao mwaka wetu wa 1966. Oginga Odinga alipoihama KANU, katiba ilibadilishwa haraka ili waliohama warudi kwa wapiga kura. Alirudi, na Bondo wakamrudisha bungeni. Vijana wa SNCC walimfahamu, maana Desemba 1963 alipokuwa Atlanta walimtembelea hotelini, kisha wakaenda mgahawa wa jirani, wakanyimwa kahawa na kukamatwa. Mwaka 1969 chama cha Odinga kilipigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. Bond alikuwa na mahakama ya kukimbilia.

Aliapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake bunge hilohilo lilimchagua Lester Maddox kuwa gavana, maana kura za wananchi hazikumpa mgombea yeyote zaidi ya nusu. Huyu ndiye mwenye mgahawa aliyewafukuza wateja weusi huku wafuasi wake wameshika mipini ya mashoka.

Mwaka huohuo Bond aliandika kitabu cha katuni kuhusu vita vya Vietnam, kitu ambacho sisi wapenzi wa vitabu tungekitaja zaidi. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa chama chake mjini Chicago, alipendekezwa awe mgombea wa makamu wa rais, naye akajitoa: alikuwa na miaka 28, katiba inataka 35. Alikaa katika bunge la wawakilishi hadi 1975, kisha seneti ya jimbo hadi 1987.

Akiwa seneta alipigania kuchorwa upya kwa eneo la tano la Congress ili wakazi weusi wawe wengi. Mwaka 1986 akaligombea mwenyewe. Mpinzani wake mkubwa alikuwa John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC. Bond aliongoza duru ya kwanza. Katika mdahalo Lewis akamtaka wapimwe wote wawili dawa za kulevya, Bond akakataa. Duru ya pili weusi wengi walimpigia Bond, wazungu wengi wakampigia Lewis, na Lewis akashinda kwa takriban asilimia 52 kwa 48. Urafiki ulichukua miaka kupona.

Nadhani lile swali la mdaharoni lilimuumiza kuliko kura 184. Lile la simu lilitoka kwa mgeni.

Lewis alikaa Congress hadi alipofariki mwaka 2020. Bond hakugombea tena. Alienda kufundisha historia chuo kikuu.