Ushahidi wa Mazingira: Namna Rufaa za Kesi za Mauaji Zinavyoamuliwa

Kesi nyingi za mauaji hazina shahidi aliyeliona tukio. Mwili hukutwa shambani, mtoni au ndani ya nyumba, na upande wa mashtaka hulazimika kuijenga kesi kwa mambo yaliyotangulia na yaliyofuatia kifo. Huo ndio ushahidi wa mazingira. Kwa wananchi wa Mkoa wa Ruvuma, kutoka Songea na Namtumbo hadi Tunduru, Mbinga na Nyasa, mashauri ya namna hiyo husikilizwa na Mahakama Kuu, Kanda ya Songea, na asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Uzito wa rufaa hizo unatokana na adhabu yenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeweka kosa la mauaji katika kifungu cha 196, na kifungu cha 197 kinaelekeza adhabu ya kifo. Ukiacha mwanamke mjamzito na mtu aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 alipotenda kosa, Jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua baada ya kumtia mshtakiwa hatiani. Swali zima la uhai au kifo hubaki katika jambo moja: je, ushahidi ulitosha?

Kipimo cha ushahidi

Sheria haiuhesabu ushahidi wa mazingira kuwa dhaifu kwa sababu tu haukutoka kwa aliyeona kwa macho. Mtu anaweza kutiwa hatiani kwa ushahidi huo pekee. Hata hivyo, masharti yake ni makali. Katika shauri la Simon Musoke la mwaka 1958, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa mambo yanayomwelekea mshtakiwa lazima yawe hayapatani kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na yasiwe na maelezo mengine ya busara isipokuwa kwamba yeye ndiye mtenda kosa. Mahakama za Tanzania zimeendelea kuifuata kanuni hiyo hadi leo.

Ushahidi huo hulinganishwa na mnyororo. Kila pete huthibitishwa peke yake, kisha pete zote hutazamwa kwa pamoja. Pete moja ikikatika, mnyororo haushiki tena, na shaka inayobaki humnufaisha mshtakiwa. Tuhuma, hata ziwe nzito kiasi gani, haziwezi kuchukua nafasi ya uthibitisho.

Mathalani, mtu ameonekana jioni akitoka kilabuni na mwenzake, kisha mwili wake ukakutwa shambani. Kuonekana pamoja mara ya mwisho ni jambo linalomtaka mwenzake atoe maelezo yanayoingia akilini. Iwapo mwili ulikutwa asubuhi iliyofuata, na simu ya marehemu ikakamatwa kwa mwenzake huyo asiyeweza kueleza aliipataje, mnyororo unakaza. Iwapo zilipita siku kadhaa, njia hiyo hupitwa na watu wengi, na hakuna kumbukumbu ya nani aliikamata simu hiyo na ilitunzwa wapi hadi ilipofikishwa mahakamani, mnyororo unalegea.

Aidha, uongo wa mshtakiwa unaweza kuupa nguvu ushahidi wa Jamhuri, lakini hauwezi kuziba pengo lake. Mshtakiwa hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake, bali kwa nguvu ya ushahidi wa upande wa mashtaka, ambao ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi. Vilevile, si kila shaka humwokoa mshtakiwa. Uwezekano wa mbali, usio na mguu katika ushahidi, hautoshi kuuangusha uamuzi wa kumtia hatiani.

Utaratibu wa rufaa

Aliyetiwa hatiani hutakiwa kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Aliyeko gerezani huiwasilisha kupitia kwa Mkuu wa Gereza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila sharti aonyeshe sababu ya msingi ya kuchelewa kwake.

Rufaa husikilizwa na Majaji watatu wa Rufani. Kwa kuwa hiyo ni rufaa ya kwanza, Majaji huupitia upya ushahidi wote uliomo katika mwenendo wa shauri na wanaweza kufikia hitimisho lao wenyewe. Hata hivyo, hukumbuka kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ndiye aliyewaona mashahidi wakitoa ushahidi wao.

Baada ya hapo, Mahakama inaweza kuitupilia mbali rufaa, au kubatilisha uamuzi wa kumtia mrufani hatiani, kufuta adhabu na kuamuru aachiliwe huru, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Iwapo kifo kimethibitika lakini dhamira ovu haikuthibitika, inaweza kumtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Inaweza pia kuamuru kesi isikilizwe upya, ingawa shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966 liliweka bayana kuwa amri hiyo haitolewi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Wajibu wa mwananchi

Mara nyingi hatima ya rufaa huanza kuamuliwa siku ile ile mwili unapogunduliwa. Eneo lililokanyagwa na umati, kielelezo kilichopita mikononi mwa watu wasiojulikana na shahidi aliyekaa kimya kwa muda mrefu bila sababu ni pete zinazokatika miaka kadhaa baadaye mbele ya Majaji. Wananchi hutakiwa kutoa taarifa mapema kwa viongozi wa mtaa au kijiji na Jeshi la Polisi, kutogusa vitu vilivyopo eneo la tukio, na kueleza walichokiona wenyewe bila kuongeza wala kupunguza. Kwa kufanya hivyo, familia ya marehemu hupata haki yake, na asiye na hatia haadhibiwi kwa kosa la mwingine.