Walimu wa kwaya walioyapa mataifa nyimbo

Mwaka 1897 Seneti ya Ufini iliamua kumpa mtunzi kijana wa muziki, Jean Sibelius, marka 3,000 kila mwaka ili atunge bila kuhangaikia riziki. Mwaka huohuo, katika kituo cha misheni ya Wamethodisti huko Nancefield karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya, Enoch Sontonga, alitunga wimbo mfupi wa sala na kuuandika kwa nota za do-re-mi. Yeye aliishi kwa mshahara wa ualimu na kwa kupiga watu picha. Wimbo wake ndio unaoimbwa leo katika shule za msingi za Tanzania nzima, wanafunzi wakiwa mstarini.

Unaimbwa pia Buger, kata ya Wilaya ya Karatu iliyoko kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, jirani na msitu wa Marang. Wakazi wengi wa huko ni Wairaqw, watu wa mahindi, maharage na ng'ombe. Muziki mwingi wa sauti nne unaosikika vijijini humo, kama ilivyo karibu kila mahali nchini, unatoka kanisani, na mtu anayeubeba ni mmoja: mwalimu wa kwaya. Ndiye anayetunga, ndiye anayeandika nota ubaoni, ndiye anayemfundisha kila mwimbaji sauti yake mstari kwa mstari, na Jumapili ndiye anayesimama mbele na kuongoza kwa mikono. Mjini Helsinki mtu wa kazi hiyo angeitwa mtunzi na mwongoza okestra, naye angekuwa na jumba la muziki na wapigaji wa kulipwa. Kazi yenyewe ni ileile, na naamini historia ya muziki wa Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa bila kuanzia kwake.

Tuanze na yule Mfini, Sibelius, kwa sababu safari yake inatusaidia kuiona yetu. Kabla ya Sibelius alikuwako Robert Kajanus, aliyezaliwa mwaka 1856. Mwaka 1882, akiwa bado kijana, alianzisha okestra mjini Helsinki, ile ambayo hadi leo inajulikana kama okestra ya mji huo. Ufini wakati huo ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi. Kajanus alitunga mwenyewe, na kazi yake iitwayo Aino, iliyotokana na ngano za Wafini, ilimwonyesha Sibelius kwamba masimulizi ya bibi na babu yanaweza kuwa muziki wa okestra kubwa. Baadaye wawili hao waligombea nafasi moja ya ualimu wa muziki chuo kikuu. Kajanus akaipata, na ile posho ya Seneti ikatolewa kama kifuta machozi kwa aliyeikosa. Urafiki wao ulitikisika lakini haukufa: Kajanus aliendelea kuongoza kazi za mwenzake nyumbani na ugenini, na mwaka 1930 akaingia studio mjini London, kwa msaada wa serikali ya Ufini, kurekodi simfoni mbili za kwanza za Sibelius.

Mwaka 1899 Mfalme wa Urusi alipunguza uhuru wa Wafini na kuyabana magazeti yao. Novemba mwaka huo yakafanyika maonyesho mjini Helsinki ya kuyaunga mkono magazeti hayo, na Sibelius akaandika muziki wake. Kipande cha mwisho ndicho kilichokuja kuitwa Finlandia. Mwaka uliofuata Kajanus na okestra yake walikwenda kupiga kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris, na huko Ulaya ikasikia kwamba kuna taifa linaitwa Ufini.

Mwaka huohuo wa 1899 wimbo wa Sontonga uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, kwenye ibada ya kumbariki mchungaji wa Kimethodisti aliyeitwa Mboweni. Nimeitafakari sana miaka hii miwili, 1897 na 1899, inavyowaunganisha watu ambao hawakuwahi kusikiana. Wote wawili waliishi chini ya dola ya wageni, na wote wawili walitunga sauti ambayo watu wao wangeishika. Mmoja alikuwa na okestra nzima ya rafiki yake. Mwingine alikuwa na watoto wa shule na madaftari.

Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, akasomea ualimu Lovedale, kisha akatumwa Johannesburg. Kwaya yake ilizunguka ikiimba, na waimbaji wa kwaya nyingine wakawa wanaazima nyimbo zake. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905 akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Wimbo haukumfuata kaburini. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, ikauchukua. Tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipozaliwa mjini Bloemfontein, mkutano ulifungwa kwa wimbo huo. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje akaurekodi kwenye santuri mjini London, na baadaye mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti. Inasimuliwa kwamba mjane wa Sontonga aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita.

Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilipanda kwa sauti hiyohiyo, sasa ikiwa na maneno ya Kiswahili: Mungu Ibariki Afrika. Zambia nayo iliitwaa mwaka 1964 na kuiwekea maneno mengine. Zimbabwe iliitumia kuanzia 1980 hadi 1994, na Afrika Kusini ikaifanya ya taifa baada ya uchaguzi wa 1994. Sijui mtunzi mwingine wa bara hili ambaye kazi yake moja imesimamisha watu wa nchi nyingi kiasi hicho.

Mtu wa Buger ana sababu ya pekee ya kuuelewa wimbo huu. Nyimbo nyingi za taifa duniani husifu vita, damu na ushindi. Huu unaomba baraka: kwa viongozi, kwa wanaume, wanawake na watoto. Wairaqw wana kitu cha namna hiyo cha tangu zamani, slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka katika mkutano, akiiombea nchi mvua, mifugo na uzazi, huku waliohudhuria wakimwitikia kila mstari. Mmoja anatangulia, wengi wanajibu, na baraka inakuwa ya wote. Mwimbaji aliyekulia katika desturi hiyo hafundishwi maana ya kusimama na kuiombea nchi kwa sauti moja. Alikuwa anaijua kabla misheni haijaleta nota.

Muziki wa Sibelius pia ulifika Afrika kwa njia ambayo Watanzania wachache wanaikumbuka. Biafra ilipojitenga na Nigeria mwaka 1967, ilichagua sehemu ya utulivu ya Finlandia kuwa lahani ya wimbo wake wa taifa. Na nchi ya kwanza kuitambua Biafra ilikuwa Tanzania ya Mwalimu Nyerere, mwezi Aprili 1968. Kwa hiyo katika miaka ile michungu, hadi Biafra iliposalimu amri Januari 1970, nchi inayoimba wimbo wa mwalimu wa kwaya wa Johannesburg iliitambua nchi iliyoimba lahani ya mtunzi wa Helsinki.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, watu watano walipewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa: Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa muziki na aliyeandika pia tamthilia za Kiswahili, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, na Washington Omondi. Wote walikuwa watu wa muziki. Hawakutunga lahani mpya, wala hawakuazima ya kanisani. Walichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, wakaupangia sauti nne, wakauandikia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Ee Mungu Nguvu Yetu ukapigwa bendera mpya ikipanda.

Hapa napenda nitue kidogo, kwa sababu uamuzi ule ulikuwa wa ujasiri. Mtu anaweza kudhani kwamba wimbo wa kumlaza mtoto ni kitu chepesi mno kwa gwaride. Lakini usikilizeni vizuri: lahani yake ina huzuni kidogo, inashuka polepole, haina haraka ya tarumbeta. Wale watano waliiamini. Omondi baadaye alikwenda kusoma London, akaandika tasnifu ya udaktari juu ya nyatiti ya Wajaluo, na akajenga idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Senoga-Zake akaandika kitabu kuhusu muziki wa asili wa Kenya. Kina mama wa Kipokomo waliouimba wimbo ule vizazi na vizazi hawana jina katika hati yoyote.

Uganda ilikuwa na mtu mmoja. George Kakoma, mwalimu wa muziki aliyesoma London, alitunga wimbo wa taifa uliopigwa siku ya uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962. Ni miongoni mwa nyimbo fupi kabisa za taifa duniani. Alipewa shilingi 2,000. Uzeeni alikwenda mahakamani kuidai serikali mrabaha, na wapo waliomshangaa, kana kwamba kuitungia nchi wimbo ni sadaka ambayo haidaiwi. Mimi simshangai. Posho ya Sibelius ilianza akiwa kijana na iliendelea maisha yake yote, na Wafini hawakuona kwamba imepunguza uzalendo wake. Kakoma alifariki Aprili 2012.

Wapo waliotunga kazi kubwa kuliko nyimbo za taifa, na hao ndio wanaosahauliwa upesi zaidi. Joseph Kyagambiddwa, Muganda, alichapisha mwaka 1955 kitabu cha Kiingereza juu ya muziki wa Waganda, kisha akatunga kazi ndefu ya kwaya na ngoma kuhusu Mashahidi wa Uganda. Iliimbwa Roma mwaka 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu. Kusini mwa Tanzania, padri Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, wakati misa bado inasomwa kwa Kilatini na ngoma bado inazuiliwa kuingia kanisani. Mwaka 1963 akatoa kitabu cha kisheria kilichochambua hati za Kanisa moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba muziki wa Kibantu una haki ya kuwa ndani. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaufungulia mlango muziki wa watu wa nchi za misheni. Kila kwaya ya Kikatoliki inayopiga ngoma na kayamba Jumapili, Karatu au kwingineko, inatembea kwenye njia aliyosaidia kuilima.

Upande wa Walutheri, kitovu kilikuwa Makumira, wakati huo chuo cha theolojia, karibu na Arusha. Hapo mmisionari wa Kimarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi kuandika nyimbo kwa lahani za kwao. Bernard Kyamanywa, mwanafunzi kutoka Bukoba, akaandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya. Olson akautafsiri kwa Kiingereza, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani, jina la Kyamanywa likiwa limechapwa chini yake.

Jina kuchapwa ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Serikali ya Afrika Kusini ilipotaka kumheshimu Sontonga miaka ya 1990, kaburi lake halikuonekana. Watafutaji walipekua madaftari ya makaburi ya Braamfontein wakitafuta Sontonga, nao makarani wa zamani walikuwa wameandika "Enoch" tu, katika sehemu ya Wakristo Waafrika. Lilipopatikana likafanywa kumbukumbu ya taifa, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akazindua mnara hapo. Ilikuwa imepita miaka 91 tangu mwalimu yule azikwe.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi, ndiyo inayosajili kazi hizo. Wimbo wa kwaya unastahili ulinzi huo sawa na wimbo wa bendi, uwe umeandikwa kwa nota za mistari mitano au kwa do-re-mi. Hata hivyo ukitazama kanda na video nyingi za kwaya zetu utaona jina la kwaya, la usharika au parokia, la studio na la mfadhili. La mtunzi mara nyingi halimo. Wazee waliozitunga nyimbo hizo tangu miaka ya sitini na sabini bado wapo baadhi yao, na madaftari yao yako majumbani, yakiliwa na mchwa. Kalamu, tarehe na saini ya mtunzi juu ya ukurasa wa kwanza ni kazi ya mchana mmoja, na idara za muziki za vyuo vyetu zinaweza kuanza kuyakusanya madaftari hayo mwaka huu.