Mto Unaobadili Jina Rusumo

Ukiufuata Mto Kagera kutoka Ziwa Victoria kuelekea juu, jina litakwisha kabla ya maji. Wilayani Ngara, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, mito miwili inakutana. Mmoja ni Ruvubu, unaotoka Burundi. Ndani ya jina hilo mna imvubu, yaani kiboko kwa Kirundi. Mwingine unatoka Rwanda, ambako milimani huitwa Nyabarongo, na huanza kuitwa Akagera karibu na Ziwa Rweru. Ramani zetu huliandika jina bila ile a ya mwanzo. Na ka- hiyo kwa kawaida ni ya vitu vidogo, kama katoto, ingawa hakuna mto mkubwa kuliko huu unaoingia Ziwa Victoria.

Mtu wa Biharamulo naye huandika "Mkoa wa Kagera" kwenye kila fomu, japo mto haupiti kwake. Jina la mkoa ni la mwaka 1979, baada ya vita na Idi Amin. Kabla ya hapo tulikuwa Ziwa Magharibi.

Wageni nao walikuja na majina yao. John Hanning Speke aliuvuka mwaka 1862 akaandika Kitangule. Henry Morton Stanley, mwaka 1876, akauita Alexandra Nile, kwa heshima ya mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza. Jina hilo halikushika. Kilichoshika ni kitu kingine alichokiandika Speke: dai kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa makuu walikuwa na asili ya Ethiopia. Wakoloni walilichukua, shule zikalifundisha, na nchini Rwanda likageuka kuwa hoja kwamba Mtutsi ni mgeni.

Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya. Alisema kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya Nyabarongo. Hata kijiografia ulikuwa uongo. Maji ya Nyabarongo hayafiki Ethiopia. Hupita Ngara, huingia Ziwa Victoria, kisha hushuka na Nile kupitia Uganda, Sudan Kusini, Sudan hadi Misri. Lakini waliomsikiliza walielewa kinachotakiwa kutupwa mtoni.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Wengi wao walikuwa Wahutu, na miongoni mwao walikuwamo wauaji. Walipita juu. Chini yao, kwenye maji yaliyokwisha kuwa mekundu kwa udongo wa milimani, ilipita miili ya waliouawa, ikianguka kwenye maporomoko mmoja baada ya mwingine. Iliyofika ziwani ilipokelewa na wavuvi wa Uganda. Mingi ilizikwa Kasensero, karibu na mahali mto unapoishia, bila majina.