Shule za Siri za Tyrol Kusini

Oktoba 1923, serikali ya Benito Mussolini ilileta sheria ya elimu iliyoandaliwa na waziri wake, mwanafalsafa Giovanni Gentile. Katika Tyrol Kusini, eneo la milima ambalo Italia ililichukua kutoka Austria baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maana ya sheria hiyo ilikuwa moja tu: Kijerumani kitoke shuleni. Kiliondolewa kwanza darasa la kwanza, mwaka uliofuata la pili, na kuendelea hivyo hadi kikamalizwa. Walimu wazawa walifukuzwa au kuhamishwa. Mtoto wa miaka sita, ambaye kwao hakuna anayesema Kiitaliano, akaketi mbele ya mwalimu wasiyeelewana.

Padri Michael Gamper aliwahimiza wazazi gazetini wawaige Wakristo wa kwanza, waliojificha ili kuilinda imani yao. Ndipo zikazaliwa shule za katakomba, zilizopewa jina la mahandaki yenye makaburi. Wasichana waliofunzwa ualimu kwa siri waliwakusanya watoto wachache wachache jikoni, darini na ghalani, wakawafundisha kusoma na kuandika Kijerumani. Waliokamatwa walilipa. Angela Nikoletti alifungwa mwaka 1927, kisha akapigwa marufuku kukaa katika kijiji alichokulia. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1930, akiwa na miaka 25. Wakili Josef Noldin, mmoja wa walioratibu shule hizo, alipelekwa uhamishoni kisiwani Lipari.

Kijerumani kilirudi shuleni mwaka 1945, na mkataba wa Paris wa 1946 ukakipa ulinzi. Tangu hapo shule za Kijerumani na za Kiitaliano zimebaki mbalimbali, kila upande ukifundisha lugha ya mwenzake kama somo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami siwalaumu wasemaji wa Kijerumani.

Hata hivyo, mpango ninaousifu zaidi uko Tyrol Kusini hukohuko, katika mabonde ya Gardena na Badia, kwa Waladini, watu yapata 20,000 wenye lugha yao iliyotokana na Kilatini. Huko, tangu 1948, baada ya mabishano makali, masomo hufundishwa nusu kwa Kijerumani na nusu kwa Kiitaliano, Kiladini kikitumika kumsaidia mtoto aelewe. Watoto hao hukua na lugha tatu bila kumwogopa jirani. Lakini Kiladini chenyewe hupewa saa chache tu kwa wiki. Watu waliowapokea majirani wawili darasani mwao wanastahili kuongezewa saa za lugha yao wenyewe.