Kutoka Namugongo hadi Mengo

Kila ifikapo Juni 3, mahujaji humiminika Namugongo, nje kidogo ya Kampala, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Wakifika, njia zao hutengana. Wakatoliki huenda kwenye basilika yenye nguzo 22, hesabu ya watakatifu wao. Waanglikana huenda Nakiyanja, si mbali na hapo, kuwakumbuka mashahidi wao 23. Baadhi yao, wa pande zote mbili, walichomwa pamoja mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Wanakumbukwa kwa ibada mbili.

Sina ugomvi na ibada mbili. Wakatoliki hutangaza watakatifu na kuwasihi wawaombee. Waanglikana humshukuru Mungu kwa ajili ya mashahidi wao, basi. Hiyo ni tofauti ya mafundisho, na haimdhuru mtu. Kinachonishughulisha ni kwamba miaka sita tu baada ya moto ule, ndugu wa mashahidi hao walikuwa wakipigana risasi wao kwa wao.

Tuanze na Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyewasimamia vijana waliotumika nyumbani kwa Kabaka. Oktoba 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Balikuddembe alimkabili mfalme uso kwa uso na kumlaumu kwa damu ile. Hannington hakuwa wa kanisa lake. Kwa mapadri waliomfundisha Balikuddembe, askofu huyo alikuwa mzushi. Hata hivyo alimtetea, na kwa hilo Novemba 15 alikatwa kichwa Nakivubo, na inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alituma salamu kwamba amemsamehe Mwanga, ila atubu.  

Huruma hiyo hakuirithi kwa walimu. Mwaka 1879, Alexander Mackay wa Waanglikana alipoongoza sala mbele ya Kabaka Mutesa, Padri Siméon Lourdel wa Wakatoliki hakupiga magoti. Mabishano yalizuka hapohapo barazani, mbele ya machifu, hadi Mutesa akataka kujua kama kila taifa la Wazungu lina dini yake.  Hata hivyo, wanafunzi wao walipokamatwa walifungwa pamoja na kusali pamoja.

Ubaya ulikuja na vyeo. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo. Wakatoliki na Waprotestanti wakarudi bega kwa bega, wakamrudisha Mwanga, na ndipo wakaketi kugawana nchi. Mgawanyo wao ulikuwa na sharti moja zito: chifu akihama dini, anaacha cheo na ardhi. Hapo ubatizo ukawa hati ya shamba. Aliyehamia upande wa pili aliziacha ekari zake upande huu. Vyama vikaitwa Wafaransa na Waingereza, ingawa wanachama wake walikuwa Waganda watupu.

Januari 1892 Mkatoliki mmoja alimuua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki. Mwanga akamwachia muuaji. Kapteni Lugard, wa kampuni ya Waingereza, alidai aadhibiwe, akawagawia Waprotestanti silaha, na Januari 24 bunduki yake ya Maxim ikanguruma Mengo, makao ya Kabaka. Misheni ya Wakatoliki ya Rubaga ikateketea. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Huko nako wakashambuliwa, wengi wakafa maji.

Ni rahisi kumtupia Lugard lawama zote, na anastahili fungu kubwa. Ila yeye aliikuta nchi imekwisha kugawanywa kwa sakramenti. Namugongo hakukuwa na cha kugawana, ndiyo maana sioni ajabu kwamba huruma ilistawi kule na kunyauka Mengo, kwa watu walewale wenye Injili ileile.

Maridhiano yalichelewa. Mwaka 1963 makanisa ya Katoliki, Anglikana na Othodoksi yaliunda baraza la pamoja. Mwaka uliofuata Papa Paulo VI, akiwatangaza watakatifu wale 22, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina hilohilo la Kristo, na mwaka 1969 akaenda mwenyewe mahali pa kumbukumbu pa Waanglikana hao. Kwa maoni yangu sentensi yake moja ya 1964 ilifanya kazi kubwa kuliko matamko mengi ya kamati.

Lakini mduara huo wa huruma bado ni wa Wakristo. Katikati ya miaka ya 1870 Mutesa aliwaua Waislamu palepale Namugongo, kwa kuwa walikataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa na kula nyama ya wachinjaji wake. Walikufa kwa kosa lilelile la vijana wa 1886: kumtii Mungu kuliko Kabaka. Wakristo waliposhika nchi, waliwaachia Waislamu Butambala, kaunti moja ndogo, na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ukaithibitisha. Balikuddembe alimtetea askofu wa dhehebu jingine. Sijasikia chifu Mkristo wa wakati ule aliyempigania Mwislamu arudishiwe shamba.