Kupimwa Pumzi: Kutoka Kiungani hadi Newala

Mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani. Wakateremka Lindi, wakashika njia ya bara. Steere huyu, sisi wapenzi wa lugha twamjua zaidi kwa kitabu chake cha hadithi za Kiswahili cha mwaka 1870. Nia yake ilikuwa kuwafikisha watu wale karibu na Ziwa Nyasa. Lakini walipofika chini ya majabali ya Masasi wakaona ardhi njema, na safari ikaishia hapo. Tangu siku hizo vijana wa kusini waliletwa kusoma Kiungani, nje kidogo ya mji wetu, kisha wakarudishwa kwao kuwa walimu na mapadri. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa upadri mwaka 1890, akahudumu Chitangali, upande wa Newala.

Kiungani ni miongoni mwa mahali pa kwanza kisiwani palipochezwa kandanda. Siamini kwamba vijana waliokimbiza mpira pale jioni waliusahau mara walipopanda jahazi la kwenda Lindi.

Walikokwenda hapakuwa na uhaba wa mafunzo ya mwili. Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa na chuo chao, nacho ni jando. Mvulana alitengwa porini, akatahiriwa, akafundishwa nyimbo na adabu, akazoezwa kustahimili maumivu bila kulia. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliutambua uzito wa jambo hilo. Hakulipiga vita, alilitwaa akalitia ndani ya kanisa, na jando la Kikristo la Masasi lingali likijadiliwa na wanahistoria. Mtihani wa jando ulikuwa mkali, ila ulikuwa na huruma moja: kila aliyeingia alikuwa na wazee wa kumwelekeza, na kijiji kizima kilingoja atoke.

Ardhi nayo ilifundisha. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu, ikilitazama bonde la Ruvuma kwa mbali chini. Mchanga wa uwanda huo hunywa mvua yote, na kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 watu waliteremka mpaka kwenye chemchemi za bondeni, wakapanda tena na mzigo. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika kwa mshangao juu ya watu waliochagua kuishi mbali hivyo na maji. Haki isemwe: waliopanda na mitungi walikuwa wanawake. Kama pumzi ingerithiwa kwa jasho, wachezaji bora wa Newala wangekuwa mabinti. Na pengine ndivyo ilivyo, ila wapimaji wamechelewa kwenda kuwatazama.

Na wapimaji ndio hasa habari yangu. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alieneza kipimo chepesi: kimbia dakika 12, tuone umefika wapi. Mchezaji wa kandanda aliye tayari hutazamiwa kukaribia mita 3,000. Kipimo hicho kingemfaa sana mwana wa Masasi, aliyezoea kwenda mbali kwa mwendo wake mwenyewe. Lakini mwaka 1982 Luc Léger wa Montreal alileta kingine: mistari miwili iliyoachana mita 20, na mlio wa kanda unaokuamrisha ufike mstari wa pili kabla haujalia tena. Mwanzo unapewa sekunde nane na nusu hivi. Kila dakika muda hupunguzwa. Katika miaka ya 1990 Jens Bangsbo wa Denmark aliongeza mapumziko ya sekunde 10 baada ya kila kwenda na kurudi, kwa kuwa mpira nao ni mbio na kutua. Wachezaji wa kulipwa hupita mita 2,000 katika kipimo hicho, maana yake wamegeuka kwenye mstari wa mbali mara 50, kila mara kwa kasi.

Nionavyo, hapo ndipo kijana wa uwandani huangukia. Pumzi anayo. Asichokuwa nacho ni kugeuka. Hajawahi kufunga mbio ghafla, kuinama, kusukuma ardhi kwa mguu mmoja na kurudi alikotoka; tena mlio ule anausikia kwa mara ya kwanza siku ile ile anayopimwa. Huanza kwa pupa, akafika mstarini mapema, akasimama kuungoja mlio, na nguvu zikapotea katika kusimama na kuondoka. Anaandikwa kuwa hana pumzi. Jamaa waliouza korosho wamtafutie nauli wataambiwa hivyo hivyo.

Nauli si jambo dogo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, mtu wa kusini aliyetaka kujaribiwa Dar es Salaam alingoja kivuko, na masika njia ilimfungia. Benjamin Mkapa mwenyewe alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Uwanja mkubwa wa taifa wa Dar es Salaam, uliopewa jina lake mwaka 2020, ndio ndoto ya kila anayecheza peku chini ya mikorosho ya kwao. Kwa misimu michache mambo yalisogea karibu: Ndanda, yenye jina la Ndanda ya Masasi na uwanja wake Mtwara mjini, ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka mwaka 2020. Namungo ya Ruangwa ilipanda mwaka 2019. Kijana aliweza kujaribiwa na kurudi nyumbani bila kuvuka Rufiji.

Kumwandaa hakudai mali. Kamba ya mita 20, vijiti viwili, na simu yenye ule mlio. Wiki sita hadi nane zatosha kwa mwenye msingi: siku mbili kwa juma mbio fupi za kugeuka, siku moja mbio ndefu ya mlimani, nyingine mpira wenyewe. Siku mbili za mwisho apumzike, jambo ambalo vijana hulikataa kwa hofu, wakaenda majaribioni na miguu mizito. Ale ugali wake wa muhogo na kunde kama kawaida, anywe maji ya kutosha. Usiku wa kuamkia majaribio si wakati wa kujaribu chakula cha mjini.

Juu ya yote afundishwe kufika pamoja na mlio, asiutangulie. Wapenzi wa mashairi watanielewa: ni kama mizani katika kipande, ukizidisha moja umeharibu, ingawa neno lenyewe zuri. Na mguu wa kusukumia ubadilishwe, kulia mara hii, kushoto mara ijayo. Kwenye mchanga wa Newala alama hubaki, na mzee aliyekaa kivulini aweza kuzihesabu baada ya mazoezi: kulia ngapi, kushoto ngapi.